Uvimbe Unaodunda

Jumapili, 2 Machi

Nimetoka kwa Baba sasa hivi. Ana jipu. Pajani, juu kabisa, karibu na kinena, mguu wa kulia. Mahali ambapo mzee hawezi kumwonyesha binti yake, kwa hiyo nimesimuliwa na Shangazi jikoni, kwa sauti ya chini. Ukubwa wa limau, anasema. Lina siku tisa. Shangazi mwenyewe anamkanda kaka yake kwa maji moto asubuhi na jioni, kisha anamsugua na mafuta ya kuchua. "Limeanza kulainika," ameniambia, na fahari kidogo.

Baba mwenyewe yuko kwenye cherehani kama kawaida. Homa anayo, nimemgusa shingoni. Pedeli anakanyaga kwa mguu mmoja tu, wa kushoto. Nimemwambia twende hospitali ninakofanya kazi. Amesema huko kwenu mtu anaingia na jipu, anatoka na magonjwa sita yenye majina. Kesho anapasuliwa kliniki ya mtaani. Tabibu ameshamwambia limeiva.

Nikacheka, nikaondoka.

Wiki tatu zilizopita aliumwa tumbo. Kuhara siku nne, na baridi usiku. Alinipigia simu, nikamwambia anywe maji ya chumvi na sukari. Sikwenda kumwona — tulikuwa na ukaguzi kazini. Sijui kwa nini naliandika hili leo.

Jumatatu, 3 Machi

Tabibu wa kliniki alinipigia saa nne asubuhi. Sauti ya mtu aliyetoka kunusurika ajali.

Alikuwa ameshavaa glavu. Kisu kwenye trei. Akaweka vidole viwili juu ya uvimbe, atafute palipolainika zaidi. Uvimbe ukamsukuma vidole. Ukashuka. Ukamsukuma tena. Sawasawa na mapigo ya moyo. Anasema alisimama hivyo hivyo, mkono pale pale, mpaka Baba akamuuliza, "Vipi daktari, umesahau pa kukatia?"

Jipu halidundi. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Kinachodunda ni mshipa mkubwa wa damu. Angekata, Baba angemwagika pale kitandani kabla hata mtu hajapata pamba ya pili.

Wamemleta kwetu kwa gari la wagonjwa. Pale dharura wakamtoa damu kwenye chupa mbili za kuotesha wadudu. Nikazibeba mwenyewe hadi maabara, maana ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na moja: kuotesha wadudu wa watu, kuwasoma, kuwapigia madaktari simu. Chupa za watu nimebeba maelfu. Hizi zilikuwa bado na uvuguvugu.

Shangazi alikuwa amekaa korido na kikapu. Nikamwambia, "Maji moto, Shangazi? Na kusugua? Kidogo tu ungeupasua. Ungemuua." 

Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Amepigwa picha ya mishipa. Daktari anayeshughulika na mishipa ni mwanamke mrefu sana, wodini wanamwita Twiga. Anajua wanavyomwita, hajali. Alivuta kiti akakaa, ndipo akawa sawa na Baba kitandani. Akachora nyuma ya fomu.

Kuna mshipa unaopeleka damu mguu mzima. Kwa mzee aliyevuta sigara miaka arobaini, ukuta wake ndani umekwaruzika. Wadudu wakiingia kwenye damu, hasa wa tumboni, wanaganda kwenye mkwaruzo. Wanachimba. Wanakula ukuta. Ukuta unakuwa mwembamba, unatuna, kama mpira wa baiskeli unavyotokeza pale tairi ilipochanika. Na unazidi kutuna.

Baba aliangalia mchoro muda mrefu. "Yaani kitambaa kimeoza."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hakishoneki. Sindano ikipita tu, kinachanika."

"Hapo hapo," Twiga akasema. "Kwa hiyo hatushoni. Tunakata kipande chote kilichooza mpaka tufike penye uzima, juu na chini. Halafu tunaleta kiraka."

"Kiraka cha nini?"

Kuna mirija ya plastiki, imetengenezwa kwa kazi hiyo, lakini wadudu wakiwepo huivamia siku hiyo hiyo. Lazima uwe mshipa wake mwenyewe, kutoka mahali pengine mwilini. Na usipite pale penye usaha. Wataupitisha kando, kwenye nyama safi, kama mtu anayezunguka dimbwi.

"Na kisiposhika?"

Twiga hakuzunguka. "Tutaufunga mshipa kabisa. Mguu unaweza kukosa damu. Ukikosa, tutaukata."

Baba akalipiga paja kofi dogo, lile la kushoto. "Huu peke yake hauendeshi cherehani kutwa. Nimejaribu wiki nzima."



Saa kumi mashine ya maabara ikalia. Chupa za Baba, wadudu wameota. Zote mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiona sahani ya kuoteshea wadudu. Salmonela. Sihitaji kipimo cha pili, ingawa tumekifanya. Mdudu wa chakula kichafu, wa kuhara.

Lile tumbo, basi. Siku zile nne. Wakati mimi nawaonyesha wakaguzi jinsi tunavyopanga mafaili.

Mkuu wetu wa maabara alinikuta nimesimama na sahani mkononi. Ni mtu wa sheria, lakini si mtu mbaya. Akainyakua taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Sampuli ya ndugu hatusomi wenyewe. Unajua." Najua. Niliibandika mimi hiyo karatasi ukutani.

Sasa wamepanga vidonge vya karatasi vyenye dawa juu ya wadudu, waone ipi inawaua. Jibu kesho. Mara ngapi nimewaambia madaktari kwenye simu: subirini, wadudu hawaharakishwi. Leo nimemuuliza Mkuu kama haiwezekani jioni. Akaniambia maneno yangu mwenyewe.

Baba ameanza dawa ya kukisia kwa dripu. Homa iko pale pale.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa mbili zinawaua. Tatu haziwasumbui hata kidogo. Ile ya kukisia — haiwasumbui. Wamebadilisha saa tano.

Upasuaji ulikuwa leo. Haukufanyika. Baba amekataa kusaini.

Siyo upasuaji anaoukataa. Ni mstari mmoja kwenye fomu: *na kuukata mguu iwapo italazimu.* Alivaa miwani, akausoma mara mbili, akauliza kama unaweza kufutwa. Twiga akasema hapana, hawezi kuingia ndani na mkono mmoja umefungwa. Baba akasema, "Basi mimi pia siwezi kulala nisijue nitaamka na miguu mingapi."

Kaka yangu amepiga simu kutoka huko aliko, kinara wa familia kwa njia ya simu. Ananiambia nisaini mimi. Nikamwambia mzee ana akili zake timamu, haiwezekani. Akasema mimi ndiye niliye hospitali, mimi ndiye msomi, kama siwezi hata hilo nipo pale kufanya nini. Nikakata.

Shangazi alijaribu. "Kaka, kuna cherehani za mota siku hizi. Unabonyeza tu."

"Mota haisikii kitambaa," Baba akasema. "Itakula vidole vyangu kwanza."

Tulipobaki wawili akaniuliza: "Ungekuwa wewe, ungesaini?"

Nilinyanyuka nikaenda kumtafutia maji ya kunywa. Chupa ilikuwa imejaa, iko pale mezani.

Ijumaa, 7 Machi

Lazima niandike kwa mpangilio.

Saa moja na nusu asubuhi nimefika wodini na chai. Baba ananiambia shuka lina maji. Nikafunua. Siyo maji. Doa kama sahani ya chai, jekundu, na ngozi juu ya uvimbe imekuwa nyembamba, inang'aa. Linatoka tone, linasita, linatoka tone. Kwa mapigo.

Sista wa zamu alikuwa kitanda cha tatu. Hakukimbia, alivuka tu. Akaweka ngumi pale, akauegemeza mwili wake mzima. "Piga simu thieta," akaniambia. Sikusogea. Naijua namba ya thieta, nimeipiga kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja. Nikabaki nimetumbua macho. Akapiga kelele mama aliyekuwa anamuuguza mume wake kitanda cha jirani, ndipo wakaja.

Twiga alifika na viatu vya nyumbani. Baba akanyoosha mkono. "Leteni hiyo karatasi."

Alisaini akiwa amelala, ngumi ya sista ikiwa pajani mwake. Sahihi imepanda juu kama mstari wa mtoto. Hakunitazama. Kisha akanitazama.

Wanataka damu chupa nne. Nikakimbilia benki ya damu, nikakunja mkono wa nguo. Mimi ni B. Yeye ni O. Mtoto wake wa kumzaa, na damu yangu haimfai. Kijana wa benki akanikunjua mkono wa nguo kwa upole, akasema zipo za O kwenye friji, dada, kaa chini.

Nikakaa masaa matano na dakika kumi. Shangazi upande wa pili wa benchi, kikapu katikati yetu. Hatujaongea tangu Jumatatu.

Saa nane kasoro robo Twiga ametoka. Mguu upo. Waliosha usaha kikombe kizima, wakakata mshipa uliooza, urefu wa kidole cha shahada. Mishipa ya mguu wa pili haikufaa — miaka hamsini ya kukanyaga pedeli imeikunja yote kama kamba. Wamechukua wa mkononi, mkono wa kushoto, kuanzia kwapa hadi kiwiko. Umefika kwa kubana. "Sikubakiwa na hata sentimita moja," akasema.

Nilimshukuru. Akasema bado.

Jumamosi, 8 Machi

Mguu una joto. Kidole gumba kina joto. Kuna kifaa wanakiweka juu ya unyayo kinatoa sauti, fwuu, fwuu, fwuu. Nimesikiliza mpaka sista akanifukuza.

Jumatatu, 10 Machi

Ameamka vizuri. Ameuona mkono wa kushoto uliofungwa bandeji na paja lililofungwa bandeji, akawaza, akasema, "Mkono umeukopesha mguu. Na mguu wenyewe ulivyo mvivu, hautalipa." Wodi nzima imecheka. Yule mama wa kitanda cha jirani amecheka mpaka mumewe akaamka.

Kidonda kimeachwa wazi makusudi, kinasafishwa mara mbili kwa siku. Dawa kwa dripu wiki sita. Wiki sita!

Shangazi anakuja kila siku na kila siku anakaa mbali na kitanda, kwenye kiti cha dirishani. Hampi maji. Hamnyooshei mto. Baba akimwomba kitu anamwita nesi. Leo Baba amemuuliza, kwani ninanuka? Akasema hapana kaka, nimechoka tu.

Ni mimi. Nimeifanyia nini mikono ya Shangazi. Alimlea Baba, akanilea mimi baada ya Mama kufariki. Nilifungua mdomo nimwombe radhi, nikauliza kama amekula.

Alhamisi, 13 Machi

Hatua mbili! Kitandani hadi kitini, ameshika bega la mtu wa mazoezi. Amekaa akauchezesha mguu chini, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Tulijua wote anakanyaga nini.

Sista amemletea sare yake iliyofumuka pindo. Baba ameishona kwa mkono, kitandani, miwani puani, akimfokea kwamba fundi aliyeipinda ni wa kufungwa jela.

Homa hakuna siku ya tatu sasa. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Homa. Thelathini na nane na nusu. 

Anasema ni joto la wodi. Nesi wa zamu anasema inaweza kuwa mkono, pale dripu ilipoingia. Wameihamisha. Nimesema ndiyo, inawezekana ni dripu. Kila mtu amekubali kwa haraka sana.

Jumapili, 16 Machi

Siyo dripu.

Twiga amekuja ingawa ni siku yake ya kupumzika. Amefungua kidonda. Juu kabisa, pale kiraka kilipounganishwa na mshipa wa zamani, kuna majimaji ya rangi ya maziwa. Kidogo tu, angeweza kuyaacha. Alichukua pamba ya kipimo, akaichovya, akaiweka kwenye kichupa.

Alinivuta korido. Nilimwomba asiniambie kama binti, aniambie kama maabara. Akanitazama kwanza. Kisha akasema: yakiwa ni majimaji tu, tunaosha na kuvumilia. Wakiwa ni wadudu wale wale, wamehamia kwenye kiungio. Kiraka kitaoza kama ulivyooza mshipa wa kwanza, na kikiachia, hakitatupa muda wa ngumi ya mtu. Itabidi kukitoa na kuufunga mshipa.

"Mwingine wa kuweka?"

"Hana. Nimetafuta wote."

"Mkono wa kulia?"

"Walimwekea dripu humo wiki nzima. Umeziba."

Nikauliza dawa inafanya nini sasa, kama karatasi ilisema inawaua. Akasema kwenye sahani hawana pa kujificha.

Kichupa nimekipokea kwa sababu hakuna mwingine. Mkuu yuko kwenye semina mpaka Jumatano. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Jumapili nipo peke yangu na kesho asubuhi nipo peke yangu. Nimepaka sahani. Nimeziweka kwenye kabati la joto. Nimeandika namba yake, siyo jina. Kisha nimekaa chini pale pale kwenye vigae.

Sijasali vile tangu nimalize shule. Na sikujua niombe nini. Niombe wasiote? Kama wapo, wapo. Kabati haliwaleti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungua saa mbili kamili. Sikutaka kufungua mapema, nisije nikajidanganya kwamba hazijafikisha muda.

Wameota.

Wachache. Nimewahesabu, vidoa kumi na tisa. Vyekundu, kiini cheusi. Nimefanya kipimo cha kuthibitisha: Salmonela. Nimerudia kwa chupa mpya ya kemikali, maana ile ya zamani ilikuwa karibu kwisha muda. Jibu lile lile. Nimerudia mara ya tatu bila sababu.

Nimepiga wodini, Twiga hayupo. Nimepiga thieta, yuko ndani, mgonjwa wa ajali, hatoki kabla ya saa sita. Muuguzi akauliza nina ujumbe gani. Nikasema nitakuja mwenyewe.

Nimepitia wodini. Kwa nini nilipitia? Sio njia. 

Baba alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya taulo. Shangazi ameketi mwisho wa kitanda, ameushika unyayo mapajani mwake, anamkata kucha. Taratibu, ulimi umetokeza kwa umakini. Sijui nani alimwomba, au alianza tu. Aliponiona akasimamisha mkono.

Nikamwambia, "Endelea, Shangazi."

Akaendelea.

Baba akasema, "Uguse. Una joto kuliko wa kushoto." Nikaugusa. Ni kweli. Nyama laini, ya uvuguvugu, na chini ya kidole changu kinapita kitu kidogo, kinapita tena.

"Haya, mtu wa maabara," akasema. "Wametwambiaje?"

Shangazi hakuinua macho. Nilisikia kucha ikikatika.

Nikasema, "Namsubiri daktari."

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia ndugu wa wagonjwa sentensi hiyo kwa simu. Ni sentensi ya kweli kabisa. Baba ananijua tangu sijaota meno. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akajilaza kwenye mto, akamwambia Shangazi, "Usiache hicho kidole kidogo. Kata vizuri, vyote vitano."

Sasa nipo kwenye benchi nje ya thieta. Saa sita na robo. Naandika nyuma ya daftari la sampuli kwa sababu mikono inataka kitu. Nimeandika jibu kwenye fomu kwa herufi kubwa, nimelisaini mimi, pale penye "msomaji". Mkuu atanisema Jumatano. Aniseme.

Nimefikiria kulichana. Si kulichana kabisa — kulikunja tu, nimpe jioni. Zile kucha ziishe. Ale chakula cha mchana. Lakini kile kiungio hakijui saa. 

Mlango unafunguka. Wanatoa kitanda kwanza, yule wa ajali. Kisha Twiga, ameinama kidogo mlangoni kama anavyoinama daima. Ameniona. Anavua kofia yake ya kitambaa huku anakuja, haangalii uso wangu, anaangalia mikono, kama nina karatasi.

Ninayo.